Shajara ya mradi: shiti ya udongo, kisanduku cha vyumba vitatu na S iliyogoma kushuka

Siku ya 1

Haya, naanza kuandika maendeleo ya huu mradi mdogo maana nikiuacha kichwani utapotea kama ile mingine. Ninachotengeneza ni shiti ya Excel ya kukokotoa uzito na ujazo wa udongo, yaani unaingiza vipimo vichache vya maabara na yenyewe inakutolea densiti mbichi, densiti kavu, unyevu, uwiano wa matundu, kiwango cha kujaa maji na ndugu zao wote. Najua zimejaa mtandaoni, ila kila niliyoifungua fomula zimefichwa, hujui jibu limetokea wapi, na mimi kitu ambacho siwezi kukikagua kwa kalamu na karatasi siwezi kukisainia.

Kazi yenyewe ni ya tuta. Udongo unachimbwa huku, unabebwa, unamwagwa kule na kushindiliwa tabaka kwa tabaka, kwahiyo kuna sampuli za machimboni, kuna za kwenye tuta lenyewe, na kuna chache za mfinyanzi (udongo unaonata) wa chini pale tuta linapokalia. Udongo uleule unabadilisha ujazo mara tatu njiani na unyevu wake unapanda na kushuka kila siku, kitu pekee ambacho hakibadiliki ni uzito wa chembe kavu. Hilo nimeliandika kwa maka pen kwenye karatasi nikaibandika juu ya meza.

Leo kompyuta sijaigusa kabisa, nimechora kisanduku tu. Kila aliyesoma udongo anakijua: vyumba vitatu, chini chembe, katikati maji, juu hewa, kushoto unaandika ujazo na kulia unaandika uzito. Hewa tunaihesabu haina uzito ila nafasi inachukua, na hapo ndo balaa lote linapoanzia. Darasani tulikaririshwa fomula kama kumi na tano hivi, e (uwiano wa matundu kwa chembe) na n (matundu kwa ujazo wote) na S (kiwango cha kujaa maji) na w (unyevu) na Gs zinabadilishana nguo tu, mtihani ukiisha zote zinayeyuka. Kumbe ukijua uzito wote, ujazo wote, unyevu, na Gs ya chembe (yaani chembe zenyewe ni nzito mara ngapi kuliko maji), kisanduku kinajaa chenyewe kwa kutoa na kugawanya, hakuna cha kukariri.

Kwahiyo uamuzi wa kwanza: shiti itakuwa na kisanduku kimechorwa pale katikati, na kila namba ikae kwenye chumba chake ionekane.

Siku ya 2

Sampuli ya kwanza, ya kwenye tuta, imekatwa kwa ile silinda ya chuma ya kipenyo milimita 100 na urefu milimita 130, ambayo ujazo wake unatoka sentimita za ujazo 1,021 (kuanzia hapa naandika cc, vidole vitachoka). Silinda tupu gramu 1,146, ikiwa na udongo gramu 3,090, udongo mbichi basi ni gramu 1,944. Kopo la unyevu tupu 21.4, likiwa na udongo mbichi 68.9, baada ya kulala kwenye oveni ya nyuzi 105 usiku kucha likatoka 62.1. Maji yaliyoondoka gramu 6.8, chembe zilizobaki 40.7, gawanya, unyevu 16.7%.

Twende kwenye kisanduku. Gramu 1,944 gawa kwa 1.167 unapata chembe gramu 1,666, zilizobaki 278 ni maji. Gs nimeweka 2.68 kwa sababu ni mchanga wenye mfinyanzi kidogo, kwatzi peke yake, yaani madini makuu ya mchanga, huwa 2.65. 1,666 gawa kwa 2.68 ni cc 622 za chembe. Maji gramu 278 ni cc 278, hiyo ndo raha ya maji. Jumla cc 900, silinda ni 1,021, zilizobaki 121 ni hewa, na hapo kazi imekwisha. Matundu ni maji na hewa kwa pamoja, cc 399, ukigawa kwa chembe unapata e = 0.64, ukigawa kwa ujazo wote unapata n = 39%, na maji ukiyagawa kwa matundu unapata S, kiwango cha kujaa maji, 70%. Densiti mbichi (uzito wote gawa kwa ujazo wa silinda) ni gramu 1.90 kwa cc, kavu (chembe peke yake gawa kwa ujazo uleule) 1.63, zidisha na 9.81 ya mvutano wa dunia unapata kilonewton (kN) 18.7 na 16.0 kwa mita ya ujazo.

Halafu kuna ule ukaguzi wa haraka ambao nadhani ndo fomula pekee inayostahili kukaririwa: S mara e lazima ilingane na w mara Gs. 0.70 × 0.64 = 0.448, na 0.167 × 2.68 = 0.448. Safi. Ila nisijidanganye, ukaguzi huu unashika makosa ya hesabu tu, vipimo vikiwa vibovu bado utalingana vizuri kabisa na utalala usingizi mnono na majibu ya uongo.

Siku ya 3

Nimeanza kuhamishia kwenye Excel. Dakika kumi za kwanza densiti kavu ikatoka 0.108, yaani tuta linaelea kwenye maji kama boya. Nilikuwa nimeingiza unyevu kama 16.7 badala ya 0.167 kwahiyo shiti ikagawa kwa 17.7. Nimeamua mtu asiruhusiwe kuandika unyevu kwa mkono hata kidogo, aingize uzito wa kopo mara tatu (tupu, mbichi, kavu), unyevu ujitengeneze wenyewe. Kingine sina cha kusema leo, kolamu na rangi tu.

Siku ya 5

Leo dogo wa site alikuja na hesabu ya maji ya kumwagilia. Tipa limeleta tani 18 za udongo wenye unyevu 9%, tunataka uwe 14% kabla ya kushindilia. Akaniambia, "Injinia, si tunaongeza asilimia tano, tani 18 mara tano kwa mia, lita 900, basi?"

Nikamwambia asilimia tano ya nini? Akaniangalia kama nimemuuliza swali la mtego. Ndo lenyewe. Unyevu wa udongo haupimwi kwa uzito wote, unapimwa kwa uzito wa chembe kavu, na kwenye zile tani 18 tayari kuna maji ndani. Gawa 18 kwa 1.09, chembe ni tani 16.51. Asilimia tano ya hizo ni lita 826. Tofauti ni lita 74 kwa tipa, unaweza ukaona si kitu, ila kwa safari arobaini kwa siku ni karibu lita elfu tatu za maji ambazo hakuna aliyeziagiza, na rola likianza kuzama kwenye tope utaanza kulaumu dereva.

Akauliza swali zuri sana ambalo hata mimi nilichelewa kulielewa nilivyokuwa nasoma: kwanini watu wa udongo wagawe kwa chembe na si kwa uzito wote kama watu wengine? Kwa sababu uzito wote unabadilika ukiongeza maji, chembe hazibadiliki. Ukigawa kwa kitu kinachotembea, kila ukimwagilia unabadilisha na namba ya chini, hutajua umeongeza kiasi gani. Ndo maana pia unyevu unaweza kupita asilimia mia bila mtu yeyote kukosea. Mexico City imekaa juu ya mfinyanzi wa ziwa la zamani ambao unyevu wake unaweza kupita 300%, yaani kila kilo ya chembe imeshikilia zaidi ya kilo tatu za maji. Dogo akasema "sasa huo si udongo, hayo ni maji yana vumbi." Na kweli majengo ya pale yamekuwa yakizama miaka na miaka.

Nimeongeza kijishiti cha maji ya kumwagilia. Unaingiza uzito wa mzigo, unyevu uliopo, unyevu unaotaka, inakupa lita.

Siku ya 8

Nimeingiza sampuli za mfinyanzi wa chini. Tatu zimekaa vizuri, ya nne imetoa S = 109.5%.

Unyevu unaweza kupita mia, nimetoka kusema, lakini S hapana. S ni maji gawa kwa matundu, na huwezi kutia maji mengi kuliko nafasi iliyopo, ni kama kuniambia ndoo ya lita kumi ina lita kumi na moja. Ndo maana naipenda hii namba kuliko zote, nyingine zote zinakubali kudanganywa kimyakimya, e ikikosewa bado inaonekana kama e, densiti ikikosewa bado inaonekana kama densiti, ila S ikipita 100 inapiga kelele.

Namba zenyewe: silinda na udongo gramu 3,225, silinda tupu 1,118, udongo 2,107, unyevu 25.0%, Gs 2.65 (nilikopi tu), ujazo 1,021. Chembe gramu 1,686, ujazo wake cc 636, matundu cc 385, maji cc 421. Cc 36 za maji hazina pa kukaa.

Kuna mtu angeandika 100% akaendelea na maisha. Nimejaribiwa, sitaficha.

Siku ya 9

Nilianza kushuku silinda. Hizi silinda zinagongwa kwa nyundo kuingizwa ardhini, zikikutana na kijiwe ule mdomo mkali unaliwa. Nikachukua kalipa (kile kipimo cha milimita chenye taya mbili) nikapima urefu sehemu nne kuzunguka, wastani ukaja milimita 128 badala ya 130. Nikafurahi nimemkamata mwizi, nikarekebisha ujazo, cc 1,005, nikabonyeza enter.

S = 114.1%.

Nilikaa naitazama kama dakika mbili nzima. Halafu nikacheka mwenyewe, maana ukifikiria ni wazi kabisa: silinda ikiwa fupi ujazo ni mdogo, udongo uleule kwenye nafasi ndogo zaidi maana yake matundu ni machache zaidi, S inapanda. Kosa lilikuwepo kweli lakini lilikuwa linanisaidia, lilikuwa linaficha kosa lingine kubwa zaidi. Cha kujifunza kwa ajili ya shiti: ujazo usiwe namba iliyogandishwa, kila silinda iwe na urefu na kipenyo chake kilichopimwa, na tarehe iliyopimwa.

Siku ya 10

Nimempata mwingine. Silinda zinafanana kama mapacha, zina namba zilizogongwa ubavuni, na ile sampuli iliandikwa "silinda namba 2" ambayo tupu ni gramu 1,118. Nimeitoa ile silinda kwenye kona, imepakwa matope yaliyokauka ubavu mzima, nikaisugua na brashi ya waya, namba ikatokea pole pole: 3. Si 2. Silinda namba 3 tupu ni gramu 1,180. Aliyesoma alisoma ile sehemu ya juu ya namba iliyokuwa imechungulia kwenye tope akabahatisha, na mimi siwezi kumlaumu sana, ningeweza kuwa mimi.

Gramu 62 hizo. Udongo sasa ni 3,225 kutoa 1,180, gramu 2,045. Chembe 1,636, maji 409. Ujazo wa chembe kwa Gs ile ya kukopi cc 617, matundu 388, S = 105.4%.

Imeshuka ila bado iko juu ya mstari. Kimebaki kitu kimoja ambacho sijakipima kwa mkono wangu.

Siku ya 12

Gs. Hii kila mtu anaikopi, 2.65 inaandikwa kama vile ni sheria ya nchi. 2.65 ni ya kwatzi, ni ya mchanga. Mfinyanzi mara nyingi unakaa kati ya 2.70 na 2.80, na ukiwa na mabaki ya mimea namba inashuka kabisa.

Nimechukua chupa ya piknometa (chupa ya kupimia Gs) ya mililita 100, nimeweka gramu 25.00 za udongo uliokaushwa na kutwangwa. Chupa ikiwa imejaa maji tupu ni gramu 138.10. Chupa ikiwa na udongo na maji, gramu 153.52. Hesabu: 138.10 jumlisha 25.00 ni 163.10, toa 153.52, tofauti 9.58 ndo uzito wa maji yaliyofukuzwa na chembe. 25 gawa kwa 9.58, Gs = 2.61.

2.61 kwa mfinyanzi? Na tena ikiwa 2.61 S yangu inarudi 108. Nikaiinua chupa kwenye mwanga wa dirisha nikaangalia pale chini udongo ulipotulia, na nikaviona: vipovu vidogo vidogo vya hewa vimeng'ang'ania kwenye udongo kama mayai ya samaki. Nilikuwa nimevuta hewa kwa pampu ya vakyumu dakika kumi tu nikaona inatosha. Hewa iliyobanwa humo mizani inaihesabu kama vile ni sehemu ya chembe, chembe zinaonekana kubwa kuliko zilivyo, Gs inashuka.

Siku ya 13

Nimerudia. Vakyumu asubuhi mpaka mchana, kila baada ya muda natikisa chupa taratibu, vipovu vinapanda kama soda halafu vinapungua halafu vinaisha. Nimesubiri maji yarudi kwenye joto lilelile la kipimo cha kwanza, nimepangusa chupa nje, nimepima: 154.04. Tofauti na jana ni gramu 0.52, nusu cc ya hewa, ndo ilikuwa inanisumbua hivyo. 163.10 toa 154.04 ni 9.06, Gs = 2.76.

Ujazo wa chembe sasa cc 593, matundu cc 412, maji 409, S = 99.2%. Mfinyanzi ulio chini ya maji ya ardhini, 99.2, hivyo ndivyo ulivyotakiwa kuwa tangu mwanzo. Nimesimama nikanyoosha mgongo.

Kitu kimoja nimekiona nilipokuwa nachezea namba: Gs ikitoka 2.65 kwenda 2.76, S inaanguka alama sita, lakini densiti kavu haitikisiki hata kidogo. Bila shaka, densiti kavu ni uzito gawa kwa ujazo wa silinda, haijui chembe ni nzito kiasi gani. Kwahiyo mtu anayekagua kushindilia kwa densiti kavu peke yake anaweza akafanya kazi miaka kumi na Gs ya kubuni na asijue.

Siku ya 16

Machimboni kuna sehemu udongo umegandamana na changarawe, silinda haiingii, inapasua tu. Tumechukua bonge zima tukalichovya kwenye nta ya parafini iliyoyeyuka. Bonge gramu 212.4, likiwa na nta 226.9, likiwa limening'inizwa ndani ya maji 96.2. Archimedes anamalizia, gramu zinazopotea ndani ya maji ndo cc za ujazo: 226.9 toa 96.2 ni cc 130.7 za bonge na nta, nta ni gramu 14.5 na densiti yake 0.90 kwahiyo cc 16.1, bonge lenyewe 114.6, densiti mbichi 1.85. Dogo alitaka kuruka ile hatua ya kutoa nta, "si kidogo tu kaka", tukaijaribu hivyo ikatoka 1.63. Hakurudia kusema kidogo.

Cha kuangalia: nta isiwe ya moto sana, inajipenyeza kwenye matundu na hapo unapima kitu kingine.

Siku ya 18

Proctor. Ni jaribio la kutafuta unyevu ambao udongo unashindilika vizuri kuliko wote. Jamaa aliyelianzisha, Ralph Proctor, alikuwa kwenye kazi za mabwawa California na aliandika mwaka 1933, na mpaka leo tunagonga nyundo kwa wazo lake lilelile: kopo la chuma la cc 1,000, nyundo ya kilo 2.5 inaangushwa milimita 300, tabaka tatu, mapigo 27 kila moja. Unarudia kwa unyevu tofauti, unachora densiti kavu dhidi ya unyevu, unatoka mlima. Wetu kilele chake ni 1.84 kwenye unyevu 14.5%.

Kwenye grafu nimeongeza mstari wa hewa sifuri, yaani densiti kavu kubwa kabisa inayowezekana kwa unyevu fulani kama hewa yote ingetoka. Ni Gs gawa kwa moja jumlisha w mara Gs, ukiwa unatumia gramu kwa cc. Hakuna nukta ya Proctor inayoruhusiwa kuvuka mstari huo, ni S ileile tu imevaa koti lingine. Na kweli nukta ya mwisho, ya unyevu 18.9%, ilikuwa imekaa juu angani kwenye 1.90 wakati mstari pale ni 1.78. S yake 123%. Safari hii sikuhitaji siku nne, nikaenda moja kwa moja kwenye daftari: udongo gramu 2,057, kwenye shiti imeandikwa 2,257. Namba moja. Iliporekebishwa densiti ikashuka 1.73 nukta ikarudi nyumbani.

Halafu nikarudi kwenye sampuli ya siku ya 2, ile niliyojivunia. 1.63 gawa kwa 1.84 ni 89%. Tunatakiwa kufika 98% ya kilele. Hesabu ilikuwa nzuri, tabaka lenyewe ndo lilikuwa bovu, na unyevu 16.7 ulikuwa umeshavuka kilele. Ule mlima unasema kwa unyevu huo hata ukipitisha rola mpaka jioni utaishia kwenye 1.80 kwa shida, maana maji yameshakalia nafasi na hayabinyiki. Tabaka limechimbuliwa, limeanikwa, litashindiliwa upya.

Siku ya 21

Ujazo wa machimbo. Hapa ndo watu wanapotezaga hela kwenye makadirio, wanahesabu mita za ujazo kana kwamba mita ya machimboni ni ileile ya kwenye tuta. Tunataka mita za ujazo 10,000 zilizoshindiliwa kwa densiti kavu 1.80. Machimboni udongo umelala kwa densiti kavu 1.58. Chembe hazibadiliki (ile karatasi ya siku ya kwanza bado ipo juu ya meza), tani 18,000 za chembe lazima zitoke huko, gawa kwa 1.58, mita za ujazo 11,392 za shimo. Na kwenye tipa udongo uliochimbuliwa umevimba, densiti kavu tumepima kama 1.30, kwahiyo ujazo wa kubeba ni 13,846. Tuta moja, namba tatu, na zote ni sahihi kila moja mahali pake. Nimeziweka kwenye mstari mmoja wa shiti na rangi tatu ili mtu asichukue ya tipa akaipeleka kwenye shimo.

Siku ya 24

Karibu namaliza. Nimeongeza uzito wa udongo uliozama: ule mfinyanzi wa S 99.2, ukihesabu matundu yote yamejaa, ni kN 20.0 kwa mita ya ujazo, toa 9.81 za maji unabaki na 10.2. Nusu ya uzito imebebwa na maji. Ndo maana Karl Terzaghi, anayeitwa baba wa elimu ya udongo, alisisitiza tuangalie mkazo unaobebwa na chembe zenyewe, si mzigo wote uliopo juu.

Nimeweka onyo: S ikipita 100 ukurasa mzima unakuwa mwekundu na kitufe cha kuprinti ripoti kinajifunga. Nimeacha nafasi ya hadi 101 kwa sababu mizani na kalipa nazo ni binadamu.

Leo mchana mzee wa maabara amekuja na kompyuta mkononi, ripoti inasubiriwa, ukurasa mwekundu, S 106. "Injinia, hii nyekundu inazimwaje?" Nikamuuliza silinda namba ngapi. Akasema namba 5, halafu akasita, akasema au 6, haisomeki vizuri. Nimempa brashi ya waya.